Pasikilizwe Kabla ya Kubadilishwa: Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka Juu ya Maeneo ya Umma

Kwa wakuu wa halmashauri na mabaraza ya miji, wapangaji wa matumizi ya ardhi, wahandisi wa barabara na wasanifu wa majengo ya umma.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu jambo ambalo halimo katika michoro mnayoidhinisha. Kabla uwanja haujatengenezwa upya, kabla barabara haijapanuliwa, kabla kituo cha mabasi hakijahamishwa, mezani penu huletwa ramani, picha za kompyuta, hesabu za magari na makadirio ya gharama. Wakati mwingine huletwa hata mchoro wa kivuli cha jengo saa kwa saa. Kinachokosekana ni maelezo ya namna mahali hapo panavyosikika sasa, na namna patakavyosikika kazi ikimalizika. Sauti huingia ofisini kwenu kupitia mlango mmoja tu, nao ni mlango wa malalamiko, wakati saruji imeshakauka na fedha zimeshatumika. Ombi langu ni kwamba uchunguzi wa mandhari ya sauti, yaani wa sauti zote za mahali jinsi watu wanavyozisikia, uwe sharti la kila mradi unaogusa mahali pa umma, ufanywe mwanzoni, na ufanywe kwa masikio ya watu wanaopatumia mahali hapo.

Elimu ya jambo hili ipo, na ina umri wa kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser mradi wa kuchunguza mandhari ya sauti duniani. Yeye na wenzake walianza kwa kurekodi jiji la Vancouver, kisha mwaka 1975 wakaenda Ulaya kusikiliza vijiji vitano, kimoja kimoja katika Sweden, Ujerumani, Italia, Ufaransa na Scotland. Walituachia namna ya kuzipanga sauti ambayo hadi leo inafaa kwa kazi ya uwanjani. Kuna sauti za msingi, zile zinazoendelea muda wote hata watu wakaacha kuzitambua, kama vile mvumo wa barabara kuu au wa mawimbi ya bahari. Kuna sauti za ishara, zinazotolewa makusudi ili zisikiwe, kama vile honi, king'ora na filimbi. Na kuna sauti za utambulisho, ambazo wenyeji huzihesabu kuwa zao, kiasi kwamba mtu akifumbwa macho na kuletwa hapo angejua yuko wapi. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango kinachoeleza mandhari ya sauti kuwa ni mazingira ya sauti kadiri mtu au watu wanavyoyahisi, wanavyoyapitia au wanavyoyaelewa, kila moja katika muktadha wake. Mwaka 2018 kikafuata cha pili, kinachoeleza namna ya kukusanya taarifa zake. Kwa hiyo siwaombi mbuni kitu. Nawaomba mtumie kilichopo.

Najua mtanijibu kwamba wataalamu wenu wana kipima sauti, na kwamba viwango vya kelele vinafuatwa. Kipimo ni cha lazima, nami sitaki kionekane hakina maana. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2018 kwamba wastani wa kelele za barabarani, uliopimwa kwa mchana, jioni na usiku, uwe chini ya desibeli 53, na wa usiku peke yake uwe chini ya desibeli 45, kwa sababu kelele zinazozidi hapo zinahusishwa na madhara ya kiafya na kuvurugika kwa usingizi. Hizo ni namba zilizotokana na ushahidi mwingi, na mji unaozipuuza unawaumiza watu wake.

Hata hivyo, tazameni kile ambacho namba hizo haziwezi kubeba. Desibeli hazijumlishwi kama matofali: ongezeko la desibeli 3 maana yake ni kwamba nishati ya sauti imekuwa maradufu, ilhali sikio la kawaida huhitaji ongezeko la takriban desibeli 10 ndipo lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili. Kipimo kinachotumika sana, kinachoandikwa dBA, hupunguza uzito wa sauti za chini kabisa, hivyo mtu anayelala karibu na feni kubwa za kiyoyozi au ukumbi wa besi nzito anaweza kuambiwa kwamba kiwango kiko sawa huku kuta zake zikitetemeka. Wastani nao hufunika matukio: pikipiki moja inayopita saa nane za usiku huamsha mtaa mzima, lakini ikigawanywa katika saa za usiku wote inakaribia kutoweka kwenye karatasi. La mwisho, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba chemchemi na barabara zinaweza kutoa desibeli zilezile. Watu watavuta viti kuelekea ya kwanza na kuikimbia ya pili, na kipima sauti hakitaona tofauti.

Ramani za kelele zina upungufu wa namna hiyohiyo. Umoja wa Ulaya, kupitia agizo la mwaka 2002, huzitaka nchi wanachama kuchora ramani hizo kila baada ya miaka mitano kwa miji yenye zaidi ya watu 100,000, na agizo hilo linazungumzia pia kuhifadhi maeneo tulivu. Ni hatua kubwa. Lakini ramani hizo huhusu barabara, reli, ndege na viwanda, na kwa kawaida hutokana na hesabu za kompyuta. Humo hamna sauti ya mtu hata mmoja, wala mti, wala maji, wala watoto wanaocheza. Mahali pakiwa na rangi ya kijani kwenye ramani panaweza kuwa kimya kwa sababu pamekufa.

Niruhusuni basi nieleze uchunguzi wenyewe unavyokwenda, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba viongozi huukataa wakidhani ni kazi ya wasanii au ya wenye muda wa kupoteza. Huanza kwa kuchagua mahali penye mipaka inayoeleweka: uwanja mmoja, makutano ya barabara, ua wa hospitali, ukingo wa mto. Mchunguzi hukaa hapo bila chombo chochote na kuandika kila anachosikia, kinatoka upande gani, ni cha kudumu au cha kupita, kiko karibu au mbali, na kinafunika nini. Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Jenereta moja inaweza isilalamikiwe na yeyote, kumbe ndiyo iliyomeza sauti za nyayo, majani na mazungumzo, na siku inapozimwa watu hushtuka kugundua kwamba uwanja wao ulikuwa mpana kuliko walivyodhani. Wachunguzi huuita umbali ambao sauti ya kawaida hufika upeo wa kusikia. Mahali ambapo upeo huo ni wa hatua chache, watu husogeleana na kupaza sauti, mzee mwenye masikio mazito huacha kuja, na mama humwita mtoto kwa kupiga kelele juu ya kelele. Upeo huo unaweza kupimwa bila mashine yoyote: watu wawili huzungumza kwa sauti ya kawaida na kuachana polepole, hadi mmoja atakaposhindwa kuelewa.

Kisha mchunguzi hurudi. Hurudi kabla ya alfajiri, wakati wa msongamano wa asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku wa manane. Hurudi siku ya kazi na siku ya mapumziko, siku ya mvua na siku kavu, kwa maana lami iliyolowa huongeza sana mvumo wa magurudumu, na upepo huweza kuleta mjini sauti ya reli ambayo siku nyingine haisikiki kabisa. Hapo ndipo vyombo huingia, kinasa sauti kikieleza sauti zenyewe na kipima sauti kikieleza ukubwa wake, vyote viwili vikiwa vimewekwa katika sehemu zilezile za kila mara ili matokeo yaweze kulinganishwa. Kwa kuwa kinasa sauti hunasa pia mazungumzo ya watu, tangazo liwekwe mahali hapo, na maneno ya siri yaliyonaswa yafutwe. Hilo halina mjadala.

Baada ya hapo huja matembezi ya kusikiliza. Hildegard Westerkamp, mtunzi wa muziki aliyefanya kazi katika mradi wa Vancouver, aliandika juu ya matembezi ya namna hii mwaka 1974, na leo hii yamo katika kiwango cha ISO. Kundi dogo hutembea bila kuzungumza, husimama katika vituo vilivyochaguliwa, na katika kila kituo kila mmoja hujaza karatasi yake: sauti za magari ni nyingi kiasi gani, za watu je, za asili je, na je, mahali hapa pamechangamka au pametulia, panafurahisha au panakera, pana fujo au panachosha kwa kutobadilika. Likimaliza, kundi huketi na kuzungumza. Mhandisi atasema kituo cha tatu kilikuwa na kelele. Anayeuza matunda hapo atasema kilikuwa kimejaa wateja. Msichana atasema ndicho kituo pekee ambacho usiku hakimtishi, kwa sababu sauti za watu humhakikishia kwamba hayuko peke yake. Hakuna aliyekosea kati yao. Tofauti hizo ndizo matokeo ya uchunguzi, na ripoti inayozifuta ili ipate jibu moja imeharibu kazi yote.

Nasisitiza ni nani awemo katika kundi hilo. Wasioona wawemo kwanza, kwa sababu wao husoma mahali kwa masikio: mwangwi wa ukuta huwaambia kona iko wapi, mtiririko wa magari huwaambia upande wa kuvuka, na sauti ya mlango unaofunguliwa mara kwa mara huwaonyesha wamefika. Kelele kwao ni kama ukungu mzito ulioshuka barabarani. Lakini ukimya nao ni hatari, na magari ya umeme yametufundisha hivyo. Umoja wa Ulaya ulilazimika kuamuru kwamba aina mpya za magari hayo, kuanzia Julai 2019, zitoe sauti zinapokwenda polepole, hadi kilomita 20 kwa saa, ili mtu anayetembea kwa miguu ajue kwamba kuna gari. Wazee nao wawemo, na waulizwe sauti gani imetoweka tangu ujana wao. Wawemo pia wafanyakazi wa usiku wanaolala mchana, ambao sheria nyingi za utulivu huwasahau kabisa kwa kuwa zimeandikwa kwa ajili ya watu wanaolala usiku.

Na watoto. Kwa habari ya watoto, mamlaka haziwezi tena kusema hazikujua. Mwaka 1975 Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha utafiti wa shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli ya juu, ambapo madarasa ya upande mmoja yalipigwa na mngurumo wa treni na ya upande wa pili hayakupigwa. Wanafunzi wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, na wale wenye umri mkubwa zaidi walikuwa nyuma kwa kiasi cha karibu mwaka mzima wa masomo. Mamlaka ziliposikia, zikaweka mpira chini ya reli na dari zinazofyonza sauti madarasani, na uchunguzi uliofuata haukuona tena tofauti hiyo. Huko München, uwanja wa ndege wa zamani ulipofungwa mwaka 1992 na mpya kufunguliwa mahali pengine, watafiti waliwafuatilia watoto wa pande zote mbili: waliokuwa karibu na uwanja wa zamani walipata nafuu katika kumbukumbu na kusoma, na waliojikuta karibu na ule mpya wakaanza kudhoofika. Narudia neno nafuu, kwa sababu linamaanisha kwamba madhara hayo yaliweza kuondolewa na mtu mwenye mamlaka ya kuamua.

Sikio huona pia yale ambayo macho hayayaoni kwa viumbe wengine. Bernie Krause, mrekodi wa sauti za asili wa Marekani anayegawa sauti za mahali katika makundi matatu, yaani za viumbe hai, za asili isiyo hai kama upepo na maji, na za binadamu, alirekodi mwaka 1988 bonde moja la milima ya Sierra Nevada huko California kabla ya miti yake kukatwa kwa kuchaguliwa. Waliohusika waliahidi kwamba ukataji wa namna hiyo hauleti madhara. Aliporudi mwaka uliofuata, bonde kwa macho lilikuwa lilelile, na picha ingeshuhudia hivyo; rekodi ilionyesha kwamba karibu ndege wote walikuwa wamenyamaza. Waliobaki katika miji yetu nao hawabaki jinsi walivyokuwa. Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha mwaka 2003 kwamba ndege mdogo aitwaye kisayansi Parus major, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, huimba kwa sauti nyembamba zaidi pale penye kelele nyingi, ili wimbo wake usizame katika mvumo mzito wa mji. Tathmini ya mazingira ambayo haikusikiliza kabla ya mradi haitakuwa na kitu cha kulinganisha baada yake.

Nina hofu moja, nami nitaieleza bila kuificha. Naogopa kwamba barua kama hii inaweza kutumiwa kuwafukuza watu. Ni rahisi kuamuru wachuuzi wasipaze sauti, vijana wasipige ngoma, watoto wasicheze mpira chini ya madirisha, na wakati huohuo kuiacha barabara ya njia sita ikinguruma mchana na usiku kwa kuwa yenyewe ni maendeleo. Sauti za watu wasio na nguvu hupewa jina la kero mapema, na sauti za mitambo ya wenye nguvu hupewa jina la huduma. Uchunguzi wa kweli huanza na chanzo kikubwa kuliko vyote, nacho katika miji mingi ni magari. Halafu hauulizi tu nini kipunguzwe, bali pia nini kilindwe. Japani, kupitia wakala wake wa mazingira wa wakati huo, ilichagua mwaka 1996 mandhari 100 za sauti za kuhifadhiwa, kutokana na mapendekezo ya wananchi wenyewe. Humo mna kengele ya mnara wa saa wa Sapporo na mna vipande vya barafu vinavyoelea katika Bahari ya Okhotsk. Ufaransa ilipitisha mwezi Januari 2021 sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa urithi, baada ya wageni wenye nyumba huko kuwashtaki wenyeji kwa sababu ya jogoo kuwika. Wales ina sheria ya mwaka 2024 ambayo hata jina lake linataja mandhari ya sauti pamoja na ubora wa hewa.

Mkishasikiliza, njia za kurekebisha hazikosekani, na nyingi si za gharama kubwa zikiamuliwa mapema. Gari linapokwenda kasi, kelele yake kuu hutoka kwenye magurudumu yanapogusa lami wala si kwenye injini. Hivyo kupunguza mwendo na kuchagua lami tulivu husaidia hata kama magari yote yangekuwa ya umeme. Kuta ndefu za kioo na saruji zinazotazamana hurushiana sauti, ilhali udongo laini na nyasi huinywa. Safu nyembamba ya miti haizuii kelele kwa kiasi cha maana, ingawa mchakarisho wa majani yake huwatuliza watu. Ukuta mfupi uliowekwa karibu na chanzo hufanya zaidi. Mlio mkali wa lori linaporudi nyuma unaweza kubadilishwa na mlio wa mvumo mpana unaotambulika kwa urahisi zaidi unatoka wapi, na usiosumbua mitaa ya mbali. Mbele ya stesheni ya reli ya Sheffield, Uingereza, ukuta wa chuma unaotiririsha maji umewekwa kati ya uwanja na barabara, ukizuia magari kwa mwili wake na kuyafunika kwa maji yake. Katika uwanja wa Nauener Platz mjini Berlin, wakazi walitembea, wakasikiliza, wakahojiwa, na kutokana na maneno yao ukajengwa ukuta wa mawe wa kuwakinga watoto na barabara, na viti ambavyo mtu akiketi anaweza kubonyeza kitufe na kusikia ndege au maji.

Kwa hiyo ninaloliomba ni hili. Kila ombi la kibali cha kujenga au kubadilisha mahali pa umma liambatane na ripoti ya mandhari ya sauti iliyofanywa katika nyakati mbalimbali za siku, yenye rekodi, vipimo na maneno ya watu waliotembea na kusikiliza, pamoja na maelezo ya sauti zipi zinatakiwa zibaki. Ripoti hiyo iwekwe wazi kwa wananchi katika muda wa kutosha wa kuijibu kabla ya uamuzi. Mwaka mmoja baada ya mradi kukamilika, watu waitwe warudi katika vituo vilevile, kwa karatasi zilezile, na matokeo yachapishwe hata kama yanawaaibisha waliojenga. Rekodi zote zihifadhiwe katika maktaba ya umma, zikiwa na tarehe, saa, mahali na hali ya hewa, maana rekodi isiyo na taarifa hizo haitamsaidia atakayekuja kulinganisha baada ya miaka ishirini. Na katika kila ofisi ya mipango ateuliwe mtu mmoja ambaye jambo hili litakuwa wajibu wake kwa maandishi, kwa kuwa jukumu lisilo na mwenyewe ndilo lililotufikisha hapa.

Sharti hilo si lazima lingoje sheria mpya. Mradi mmoja ulio mezani penu sasa, ambao saini yake haijawekwa, unatosha kuwa wa kwanza. Tangazeni tarehe na kituo cha kuanzia, waiteni wanaopatumia mahali hapo, na nyinyi wenyewe mje mtembee nao hadi kituo cha mwisho, bila simu na bila kuzungumza, kisha mketi mjaze karatasi kama wengine.

Wenu katika kutumikia umma,

Mkazi na msikilizaji